Mwalimu aliyekula maandazi gizani

Binti wa mgonjwa wangu mmoja wa kisukari alinikuta kliniki nikifunga kabati la mizani, saa tisa alasiri, foleni imekwisha. Akasema kwa sauti ya chini: "Dada, sukari ya mama imeshuka na kila mtu anampongeza. Lakini nyumbani mimi simwoni mama. Anakula kama mtu anayemeza vidonge."

Kwa upande wangu kisa hicho kilikuwa kimeshafungwa. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwenye kadi ya mama huyo: "Maendeleo mazuri sana, aendelee hivyo hivyo." Mwandiko ni wangu. Nalisema mapema kwa sababu uchambuzi huu, kabla ya kuwa wa mgonjwa, ni wa sisi watu wa lishe. Tulikuwa na mizani, tulikuwa na kipimo cha sukari, na bado mtu alituponyoka mbele ya macho.

Ameniruhusu nikisimulie kwa sharti kwamba jina lake libaki kwangu, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Tumwite Mwalimu, maana mtaa wake unamwita hivyo hata baada ya kustaafu.

Mwalimu ana miaka 61. Alizaliwa Rungwe, kwenye vilima vya Tukuyu ambako mvua ni ya karibu mwaka mzima na migomba huanzia mlangoni. Alifundisha shule ya msingi mpaka alipofikisha miaka 60, akajenga upande wa Uyole, Mbeya. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Anaishi na mjukuu wa kiume wa miaka 8. Binti aliyenifuata anakaa mtaa wa pili na anauza vitambaa soko la Mwanjelwa.

Miezi 14 kabla ya siku ile ya kabatini, Mwalimu alianza kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na kiu haikuisha. Sukari yake asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 13.2 kwa lita ya damu. Kwa mtu mzima, 7.0 kwenda juu kwa kipimo hicho, ikithibitishwa, ni kisukari. Kituo alichopimwa, ambacho si chetu, kilimpa metformini, dawa ya kushusha sukari, na orodha ya mdomo: usile wali, usile ndizi, usile viazi, usile parachichi kwa sababu lina mafuta, matunda matamu marufuku, sukari usiiguse. Kula mboga za majani na dona kidogo. Simlaumu aliyeisema. Foleni za asubuhi nazijua, na mtu mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango hutoa ushauri unaosemeka kwa dakika mbili.

Lakini itazameni orodha hiyo kwa macho ya mtu wa Rungwe. Ndizi si kitafunio kule, ni mlo. Wali wa Kyela ndio wa mgeni na wa Krismasi. Parachichi huanguka lenyewe uani. Viazi ndivyo vinavyojaza magunia kando ya barabara. Ukimwondolea mtu huyu vyote hivyo umebakiza nini mezani kwake? Na kuhusu parachichi orodha ilikosea kabisa: mafuta yake mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, lina nyuzinyuzi nyingi, na halipandishi sukari kwa kiasi cha kutisha.

Mwalimu alitii. Amezoea kutii mtaala. Alipokuja kwetu kuendelea na kliniki, alishuka kutoka kilo 84 hadi 66, na sukari ya asubuhi ikafika 5.9. Ndipo nilipoandika yale maneno kwenye kadi. Swali nililomwuliza kila mwezi lilikuwa moja: "Unakula nini?" Alijibu kwa ukamilifu, kama anayesomewa majina darasani. Sikumwuliza hata siku moja kama kinanoga.

Baada ya maneno ya binti nilimwomba Mwalimu aje siku isiyo ya kliniki. Ilikuwa Juni, ile baridi ya Mbeya inayopenya mpaka kwenye mifupa, na alikuja amejifunga mashuka mawili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakaa kimya muda mrefu. Nilichokipata siku ile, na nyingine mbili zilizofuata, nakiweka hapa kwa mpangilio wangu, si wake.

Kwanza, aliacha misiba. Hakuacha kuchangia, aliacha kukaa. Kwetu msiba una masufuria, na anayekaa bila kula huulizwa. Wa kwanza anauliza kwa huruma, wa pili anauliza kama una neno na mwenye nyumba. Mwalimu alichoka kueleza. Akaacha pia kwaya ya akina mama kanisani, kwa sababu mazoezi ya Jumamosi huishia kwenye chai na vitumbua. Harusi mbili za watoto wa ndugu alituma bahasha. Nyumbani, mjukuu aliyekuwa akila naye sahani moja alihamishiwa mbele ya televisheni, naye bibi akabaki jikoni na bakuli lake la mboga za kuchemsha. "Sikutaka mtoto aone ninavyokula," aliniambia. Nilimwuliza maana yake. "Chakula kisicho na furaha, mwanangu, mtoto akikiona anajifunza."

Pili, usiku. Hili alilitoa mara ya tatu tulipokutana, akiwa ameangalia dirishani. Mara moja au mbili kwa juma, kama saa nane, huamka, huenda jikoni bila kuwasha taa na kufungua hotpoti yenye maandazi ya mjukuu ya chai ya asubuhi. Anakula amesimama. Manne, mara nyingine sita. Asubuhi anamwambia mtoto kwamba ni panya. "Nimefundisha watoto wasiseme uongo miaka thelathini na saba," alisema, akalia.

Nikamwuliza maandazi hayo yalikuwa na ladha gani. Alifikiri sana, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Sijui. Sikumbuki kuyaonja."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa hiki.

Kabla ya kulifuata tulipaswa kuondoa mengine, na nasisitiza kwa wenzangu wa vituo vidogo wasiruke hatua hii. Metformini kwa baadhi ya watu huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, hasa ikimezwa tumbo likiwa karibu tupu. Mwalimu alikuwa akiimeza kwa maji ya moto na kipande cha tango. Ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ulimi unaowaka, ganzi na huzuni. Kwake miezi 14 ni michache, lakini tulipima katika maabara ya kulipia na ilikuwa sawa. Tezi la shingo nalo halisahauliki huku kwetu: nyanda za juu kusini zilijulikana zamani kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi hilo, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, na tezi likilegea mtu huchoka mwili na kukosa raha. Lilikuwa sawa. Meno, sawa. Harufu, alitambua tangawizi na kitunguu akiwa amefumba macho. Ulimi ulikuwa mzima, tofauti na nilivyotarajia.

Daktari alipima pia wastani wa sukari wa miezi mitatu, kipimo kiitwacho HbA1c. Ulikuwa asilimia 7.6, wakati lengo kwa watu wazima wengi ni chini ya 7. Kumbe ile 5.9 ya kliniki ilikuwa picha ya asubuhi moja aliyojiandaa nayo kwa siku mbili nzima za kujinyima. Hata kwa kigezo chetu wenyewe cha namba, "maendeleo mazuri sana" yalikuwa nusu ya ukweli.

Muuguzi wa afya ya akili alimpitisha kwenye dodoso la maswali tisa linalotumika sana kuchunguza sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa raha, kila swali maksi 0 mpaka 3, kuhusu majuma mawili yaliyopita. Swali la kwanza huuliza kuhusu kukosa raha au mvuto wa kufanya mambo. La tano huuliza kuhusu kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi, yote mawili katika sentensi moja, na Mwalimu aliuliza ajibu lipi, kwa sababu mchana ni la kwanza na usiku ni la pili. La mwisho huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. "Sijafika huko," alisema, na muuguzi akarudi kuliuliza kwa njia nyingine mbili kabla ya kuridhika. Jumla ilikuwa 14 kati ya 27, sonona ya kiwango cha kati. Daktari na muuguzi wakaona aanze na mazungumzo ya kila juma, dawa zisubiri.

Sasa turudi kwenye yale maandazi. Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo sayansi ilichelewa kuyatenganisha: hamu na utamu. Unaweza kuwa na hamu na kitu kisikunogee, na kitu kinaweza kukunogea ambacho hukuwa na hamu nacho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliwachunguza panya ambao dopamini, kemikali ya ubongo inayosukuma hamu, ilikuwa imeondolewa kwenye ubongo. Panya hao hawakukifuata chakula kabisa, wangekufa njaa kama wasingelishwa. Lakini walipotiwa tone la sukari mdomoni walilamba midomo kama panya wazima, kwa ishara zilezile za uso anazotoa mtoto mchanga akionja kitamu. Hamu ilikuwa imekufa, utamu upo. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba utamu wenyewe unategemea zaidi mifumo mingine, pamoja na opioidi, kemikali za raha zinazotengenezwa na ubongo wenyewe, katika maeneo yake madogo sana.

Wagonjwa wengi wa sonona wanafanana na panya hao. Kwenye majaribio, wakipewa maji ya sukari waonje, mara nyingi huyasifu kama watu wengine. Kilichopungua ni ile nguvu ya kunyanyuka na kuyafuata. Mwalimu alikuwa kinyume chake. Hamu yake usiku ilikuwa na nguvu ya kumtoa kitandani kwenye baridi ya Juni, ila utamu haukufika. Ulimi wake ulikuwa unajua kuonja, tulishauthibitisha. Hukumu yangu ni kwamba woga ulikuwa umekaa mlangoni. Mtu anayekula gizani huku masikio yakisikiliza kama mtoto ameamka hawezi kuonja. Hana nafasi.

Na hamu hiyo ya usiku si ulafi wala udhaifu wa tabia, kama alivyokuwa akijiambia. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa chuo kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha aiskrimu wakaambiwa waionje kadiri wapendavyo. Waliokuwa wakila kwa uhuru, baada ya kinywaji walikula aiskrimu kidogo, maana wameshashiba. Waliokuwa wakijibana siku zote walikula zaidi baada ya kinywaji kuliko bila kinywaji. Mstari ukishavukwa, kwao siku imeharibika, basi. Mwalimu alipolisikia jaribio hilo alinyoosha kidole: "Andazi la kwanza ni njaa. La pili mpaka la sita ni hasira."

Matibabu yangu ya kwanza yalishindwa. Nilimpa orodha mpya, safari hii ya vinavyoruhusiwa, na vipimo: ndizi mbili za ukubwa wa kati, wali kikombe nusu, parachichi robo. Nilidhani nimemfungulia. Alirudi baada ya juma moja na karatasi iliyojaa namba. Alikuwa amenunua mizani ya jikoni. Usiku alikuwa ameamka mara tatu. Nilikuwa nimebadilisha sheria nikauacha woga palepale.

Ndipo nikaweka kalamu chini, nikamwomba anisimulie mlo mmoja anaoukumbuka. Wowote. Alianza polepole, na jikoni ya mama yake kule Rungwe. Ndizi mbichi zinamenywa vidole vikiwa vimepakwa mafuta ili utomvu usigande. Zinapangwa kwenye chungu, maharage yaliyokwisha kuiva chini, kitunguu, chumvi kidogo, halafu jani la mgomba juu badala ya kifuniko. Hairuhusiwi kufunua. Unajua zimeiva kwa harufu ya jani, si kwa macho. Watoto wanakaa upande wa mlango, mama anawaambia wasikilize chungu. Alisimulia kama dakika ishirini, mikono ikimenya hewani. Nilitazama uso wake kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akanyamaza na kusema, "Tangu mzee afariki sijapika chungu. Ningempikia nani?"

Hapo nilielewa kwamba kisukari kilikuja nyumbani kukuta mlango umeshaachwa wazi. Orodha ya makatazo ilimpa mjane sababu ya kiafya ya kufanya kile ambacho huzuni ilikuwa tayari inamtaka afanye: ale peke yake, haraka, bila kupika. Sisi tukampongeza kwa hilo, tukampima uzito na kumpigia makofi.

Mpango wa pili tuliutengeneza watatu, yeye, muuguzi na mimi. Mizani ya jikoni aliigawa. Sahani ikawa kipimo: nusu mboga, robo maharage au samaki au nyama, robo ndizi au wali au ugali. Ndizi zisiwe zimeanza kuiva, kwa sababu mbichi ina wanga sugu mwingi zaidi, yaani ule usiomeng'enywa kuwa sukari, ingawa moto hupunguza sehemu yake. Dawa imezwe katikati ya mlo, si kabla. Mchana asiruke chakula hata mara moja, kwani njaa ya saa nane usiku hupandwa saa saba mchana. Kisha sehemu ninayoiona ndiyo nzito: mara moja kwa juma apike chungu, ale na mtu, amekaa, televisheni imezimwa, na baadaye aandike kwenye daftari neno moja au mawili kuhusu ladha. Si kiasi wala sukari. Ladha tu. Na maandazi? Alipangiwa andazi moja Jumamosi, mchana, na chai isiyo na sukari, mezani pamoja na mjukuu.

Mwenzangu mmoja kazini alinipinga waziwazi, akasema namrudishia mgonjwa wa kisukari ndizi na maandazi. Hoja yake ni ya haki na sikuipuuza. Kuna wagonjwa ambao ningekuwa mkali zaidi, wenye macho au figo zilizoanza kuathirika. Lakini Mwalimu alikuwa anakula maandazi tayari, mpaka kumi na mawili kwa juma. Mimi niliomba moja, na liwe na ladha.

Kuna utafiti ulionisaidia kumjibu. Mwaka 2017 timu ya mtafiti Felice Jacka nchini Australia ilichapisha jaribio la watu wazima 67 wenye sonona. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe kwa majuma 12, likala vyakula vya asili ya nchi za Mediteranea: mboga, kunde, samaki, mafuta ya zeituni. Kundi jingine lilipata mtu wa kuzungumza naye tu. Karibu theluthi ya kundi la kwanza walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 za kundi la pili. Jaribio ni dogo, na washiriki walijua wako kundi gani, kwa hiyo silitumii kuahidi. Ninachokiona muhimu ni kwamba watu hawakuambiwa wajibane wala wapunguze uzito. Walikula mpaka kuridhika.

Daftari la Mwalimu, kwa ruhusa yake. Juma la kwanza: "Chumvi." La pili: "Moto. Nimeungua." La tatu hakuandika, alikuwa na siku mbaya, na usiku hotpoti ilifunguliwa. La tano: "Jani." La sita aliandika mistari minne kuhusu mjukuu kuuliza kwa nini chungu kinaimba. La nane alikwenda msibani Tukuyu, akakaa mpaka jioni, akala ndizi robo sahani na maharage mengi, na hakuna aliyemwuliza kitu. "Zilinoga," aliandika, kisha akalipigia mstari, kwa rula.

Baada ya miezi mitatu maksi za dodoso zilikuwa 6. Wastani wa sukari ulishuka hadi 6.9. Uzito ulipanda kilo mbili na nusu, akaniuliza kwa wasiwasi kama nitamgombeza. Usiku alikuwa ameamka mara moja tu katika mwezi wa mwisho. Siwezi kugawa sifa hizi kwa haki. Mazungumzo na muuguzi yalikuwa mazito na mengi yake siyajui, wala sipaswi kuyajua. Dawa kumezwa na chakula kuliondoa ile ladha ya chuma. Kurudi kwaya kulimpa watu wa kucheka nao. Chungu kilikuwa kimojawapo kati ya hayo.

Wali bado haugusi. Nimemwambia robo sahani haina neno, anatikisa kichwa, nami nimeacha kumhimiza, maana raha ya kulazimishwa nayo ni orodha. Parachichi analila kila siku.

Kwenye fomu yetu ya kliniki, chini ya "Anakula nini", nimeongeza mstari kwa kalamu: "Kinanoga? Anakula na nani?" Hauna kisanduku wala maksi. Asubuhi yenye foleni huchukua kama dakika moja. Jumanne iliyopita baba mmoja dereva wa lori, mtu wa Makambako, aliusikia akanitazama kana kwamba nimemwuliza siri ya nyumbani kwake. Akavuta kiti karibu.